Ukimya wa Sensa

Naomba nimtoe msomaji wasiwasi mapema: neno sensa katika kichwa cha makala haya halihusu kuhesabiwa kwa watu, ingawa huko nako nitapita. Ninazungumzia kifaa kidogo cha gari, kinene kama kidole gumba, ambacho mafundi wetu kuanzia Gerezani hadi Ipogolo hukiita sensa. Kamusi inalo neno kihisi, nami kama mwalimu wa lugha ningefurahi kulisikia, lakini katika miaka yote ya kumiliki magari makuukuu sijapata kumsikia fundi akilitamka. Basi niruhusiwe kutumia lugha ya gereji.

Mwezi Septemba mwaka jana nilikuwa nikimrudisha mama yangu nyumbani Iringa. Alikuwa amekaa kwetu Dar es Salaam kwa wiki tano akitibiwa macho. Aliondolewa mtoto wa jicho katika jicho la kulia, na daktari alimwonya asiiname, asinyanyue kitu kizito, na ajiepushe na mitikisiko. Dada yangu alishauri tumkatie tiketi ya basi, siti ya mbele. Nikasema la, mama nitampeleka mwenyewe, tena polepole. Ukweli ni kwamba sikuwa na haki ya kusema hivyo, maana gari langu halikuwa zima, na nilijua haliko zima.

Tangu mwezi Juni lilikuwa limeanza tabia ya kuzimika. Ni gari dogo la Kijapani, lenye injini ya lita moja na nusu, la umri ambao binadamu angekuwa amekwisha kujiandikisha kupiga kura. Siku ya kwanza lilizimika katika foleni ya Kimara, saa kumi na moja jioni, jua likiwa bado kali. Halikukohoa, halikutetemeka. Lilikata kauli kama mtu aliyezimwa kwa ufunguo. Nikashuka, nikasukumwa kando na vijana wawili wauza maji, nikakaa kama dakika ishirini nikipigiwa honi na kila aliyepita. Kisha likawaka kwa mara moja, likaenda hadi nyumbani kana kwamba halikuwa limefanya kosa lolote.

Nililipeleka katika gereji moja kubwa jijini. Niliichagua, nakiri, kwa sababu ya sakafu yake. Ilikuwa na vigae, ilikuwa na chumba cha kusubiria chenye runinga, na ilikuwa inatoa risiti ya mashine bila kuombwa. Walichomeka kompyuta yao chini ya usukani, wakasoma, wakasema haioni kosa. Hata hivyo walibadili plagi na kusafisha njia ya hewa: shilingi 180,000. Baada ya wiki mbili likazimika tena. Kompyuta ikachomekwa, haikuona kosa, ikabadilishwa pampu ya mafuta: shilingi 400,000. Mwezi Agosti likazimika mara tatu katika wiki moja. Kompyuta haikuona kosa. Zikabadilishwa koili zote nne: shilingi 420,000. Msomaji anayependa hesabu atakuwa ameshajumlisha. Ni shilingi milioni moja kamili, na gari lilikuwa vilevile.

Baada ya koili likakaa siku kumi bila kuzimika. Siku hizo zilikuwa za mawingu. Mimi nikasema limepona, nikampakia mama.

Wanaoijua barabara ya Iringa wanaijua Kitonga. Ukishavuka Ruaha Mbuyuni na kuyapita magunia ya vitunguu, barabara huanza kupanda ikijipindapinda, upande mmoja ukuta wa mwamba, upande mwingine bonde. Malori yanayoelekea Tunduma hupanda kwa gia nzito, moja nyuma ya jingine. Dereva wa gari dogo hulazimika kuyafuata kwa mwendo wa mtu anayekimbia mchakamchaka, injini ikinguruma, kipimo cha joto kikiwa pale kinapotakiwa lakini kila kitu chini ya boneti kikiwa cha moto. Ilikuwa saa nane mchana. Tulikuwa katikati ya mlima, baada ya kona, gari likakata kauli.

Asiyewahi kuzimikiwa na gari mlimani aelewe mambo mawili. Usukani huwa mzito mara moja. Na breki, ambazo kwa kawaida husaidiwa na nguvu ya injini, humpa dereva mkanyago mmoja au miwili ya haki, kisha pedali huwa ngumu kama jiwe. Mkanyago wangu wa kwanza niliutumia kwa hofu, wa pili kwa akili. Gari lilikuwa limeanza kurudi nyuma. Nyuma yetu palikuwa na lori la kontena, na kabla sijavuta breki ya mkono vizuri nilimwona katika kioo utingo wake akiruka chini na jiwe mikononi. Aliliweka nyuma ya tairi letu la kushoto. Sijui jina lake. Alikuwa amevaa kandambili. Baada ya hapo alikata matawi, akayatandaza barabarani chini ya kona ili wanaokuja nyuma wajue mbele kuna walioharibikiwa, akaniambia, "Mzee, mtoe bibi ndani, asikae humo."

Nilimshika mama mkono tukasimama kwenye ukingo, yeye na miwani yake myeusi, malori yakitupita kwa kiasi cha urefu wa mkono. Kila lilipopita moja ardhi ilitetemeka, nami nikakumbuka maneno ya daktari juu ya mitikisiko. Mama hakulalamika. Aliniuliza tu, kwa ile sauti yake ya kuuliza kama ugali umeiva, "Mwanangu, hili gari limechoka au limekasirika?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimelipia majibu matatu, na hakuna hata moja lililokuwa la swali hilo.

Baada ya dakika arobaini likawaka. Likazimika tena kabla ya kilele, likazimika tena baada ya kilele, na hatimaye likazimika kabisa Ilula, mahali panapouzwa nyanya, hatua kama mia moja kutoka kwenye mwembe uliokuwa na kibao cha bati kilichoandikwa FUNDI MAGARI UMEME. Zilikuwa zimebaki kama kilometa 45 kufika nyumbani. Giza lilikuwa linakaribia.

Fundi alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Alimwamkia mama kwanza, "Kamwene, Bibi," akamletea kiti cha plastiki, akakifuta kwa fulana yake. Kisha akanijia mimi. Nilitarajia afungue boneti. Hakufungua. Aliuliza.

"Mzee, likizimika linakohoa kwanza au linakata tu?"

"Linakata tu."

"Mshale wa mzunguko unashuka polepole au unaanguka?"

Sikuwahi kuutazama. Miezi mitatu, na sikuwahi kuutazama.

"Haya, na likipoa linawaka kama kawaida." Hili hakuliuliza, alilisema.

Nilimweleza kuwa nimeshabadili plagi, pampu na koili, na kwamba kompyuta haikuona kosa. Niliyasema kwa sauti ya mtu anayewasilisha vyeti. Akaitikia kwa kichwa bila dharau, akaniomba nipige stata huku yeye akiangalia dashibodi kupitia dirishani. Injini ilizungushwa, haikuwaka. "Umeona mshale?" Mshale wa mzunguko ulikuwa umelala kwenye sifuri, haukutikisika hata kidogo. "Injini inazunguka, sisi wote tunaisikia. Mshale unasema haizunguki. Sasa nani anamwambia mshale?"

Akachomoa koili moja pamoja na plagi yake, akaigusisha kwenye chuma cha injini, nikapiga stata: hakuna cheche. Akainusa plagi: kavu, haina mafuta. Hapo akasema maneno ambayo nimekwisha kuyarudia darasani mara mbili bila kumtaja mwenyewe, kwa hiyo leo namlipa deni: "Moto hakuna, mafuta hakuna. Vitu viwili vikikosekana kwa pamoja, mzee, usikitafute kimoja kimoja. Mtafute anayeviamuru."

Na sasa inanilazimu kueleza sensa yenyewe, maana ndiyo kiini cha habari. Chini ya injini, mwisho wa ule mhimili mkuu ambao mafundi huuita kranki, kuna gurudumu la chuma lenye meno. Katika injini ya aina hii nafasi za meno ni 36, lakini meno yenyewe ni 34. Mawili yameachwa kwa makusudi, kama pengo la mtoto wa darasa la kwanza. Karibu kabisa na meno hayo, bila kuyagusa, imefungwa sensa: sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba sana. Kila jino linapopita, sumaku hushtuka na waya hutoa umeme kidogo. Kompyuta huhesabu mishtuko hiyo na kujua injini inazunguka kwa kasi gani, na pengo linapopita hujua kranki imefika wapi katika mzunguko wake. Kwa habari hiyo huamua ni lini irushe mafuta na ni lini iwashe cheche. Kompyuta yenyewe haina macho. Imefungiwa katika kisanduku, na yote inayoyajua juu ya injini huyajua kwa kuambiwa.

Waya ule ukiwa mzee hupata ufa usioonekana. Ukiwa wa baridi, ncha za ufa hugusana na habari hupita. Ukipata moto hutanuka, ncha zikaachana, habari ikakatika. Ukipoa, zinagusana tena.

Fundi akalala chini ya gari, akachomoa soketi ya sensa, akaipima kwa mita ya umeme wakati injini bado ni ya moto. Mita ikaonyesha herufi mbili tu, OL, yaani njia imekatika. Akalowesha kitambaa kwa maji ya kisima, akakibana juu ya sensa, akasubiri. Mama alikuwa akimtazama kwa jicho lake moja zima, kama anavyomtazama mtu anayechinja kuku ipasavyo. Baada ya dakika chache akapima tena: omu 1,340. Akarudisha soketi, akaniambia piga. Likawaka papo hapo.

Sijui kama msomaji amewahi kupata furaha na aibu kwa wakati mmoja. Mimi nilizipata pale, chini ya mwembe, kwa gharama ya kitambaa na kopo la maji.

Nilimuuliza swali lililokuwa limenikaa kooni: kwa nini kompyuta ya mjini haikuona kosa? Alijibu akiwa anafuta mikono. Kwanza, walipima likiwa limepoa. Mteja hulifikisha gari gereji likiwa linatembea, na likiwa linatembea maana yake sensa imepata nafuu. Pili, na hili ndilo lililoninyima usingizi usiku ule katika nyumba ya wageni, sensa ikinyamaza ghafla kompyuta haidhani kuwa sensa imekufa. Inadhani injini imesimama. Haipati habari ya mzunguko, basi inahitimisha kuwa hakuna mzunguko, inakata mafuta, inakata moto, na kwa upande wake mambo yote ni shwari. Katika magari ya aina hii, alisema, kosa huandikwa dereva akipiga stata kwa muda huku ishara haiji. "Wewe mzee ulikuwa unapiga sana stata likizimika?" La. Nilikuwa nimeshajifunza kuwa likizimika halisikii, kwa hiyo nilikuwa nakaa kimya kusubiri lipoe. Uvumilivu wangu ndio uliokuwa umeuficha ushahidi.

Nitatoka kidogo gereji, kisha nitarudi.

Usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti mwaka 2022 taifa letu lilihesabiwa, tukaonekana kuwa watu 61,741,120. Ile nayo ni sensa, na si kwa bahati ya matamshi tu. Serikali nayo imo ndani ya kisanduku. Haiwezi kuuona mzunguko wa kila kijiji kwa macho yake, na sensa ya watu huja mara moja katika miaka kumi. Katikati ya miaka hiyo huishi kwa kuambiwa na vifaa vidogo vilivyo karibu na meno: mtendaji wa kijiji, mwalimu mkuu, muuguzi wa zahanati, diwani, mwandishi wa habari wa wilayani. Tumezoea kuuliza kama watu hawa wanasema kweli au uongo. Swali la fundi ni jingine, nami naliona kuwa kali zaidi: wanasema kweli wakati gani? Sensa yangu haikuwa mwongo. Ilipokuwa ya baridi ilisema kweli tupu, kwa usahihi ambao mtu angeweza kuuapia. Ilinyamaza palipokuwa na joto, yaani pale ilipohitajiwa. Na sisi ukaguzi wetu hufanyika likiwa limepoa. Ziara ya kiongozi hutangazwa wiki mbili kabla, barabara ikachongwa, dawa zikaazimwa kutoka kituo jirani, na mashine ikichomekwa haioni kosa.

Mwaka 2018 Bunge liliifanyia marekebisho Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015, ikawa ni kosa la jinai kutangaza takwimu zenye kupinga au kudhoofisha zile rasmi. Mwaka uliofuata, baada ya kelele za ndani na nje, ikarekebishwa tena na makali yale yakapunguzwa. Nakumbuka kwamba katika ule mwaka wa katikati baadhi yetu vyuoni tulikunja mapendekezo ya utafiti tukayaweka kabatini. Hakuna aliyetukataza. Palikuwa na joto, tukanyamaza, na bila shaka mahali fulani ukimya wetu ulisomwa kuwa hakuna utafiti uliokwama.

Lakini si haki kuisema serikali peke yake. Usiku ule pale Ilula sikuwa nikiifikiria serikali. Nilikuwa nikilifikiria kabati langu.

Kwa miaka mitatu nilikuwa mkuu wa idara. Mwishoni mwa kila muhula wanafunzi hujaza fomu za tathmini ya ufundishaji, na mkuu wa idara huziandikia muhtasari. Kulikuwa na kozi moja ambayo kila mara fomu zake zilirudi safi. Niliandika, kwa mkono wangu na kwa sahihi yangu, mihula sita mfululizo: "Hakuna malalamiko." Siku ya mahafali binti mmoja aliyekuwa amesoma kozi ile alinisogelea akiwa na joho lake, akaniambia kwa heshima zote, "Mwalimu, zile fomu alikuwa anazikusanya yeye mwenyewe, na miandiko yetu anaijua." Yaliyokuwa yakitendeka katika kozi ile sitayaeleza hapa, kwa sababu yako mbele ya kamati. Nitaeleza nililolifanya mimi. Nilimpongeza kwa kuhitimu. Nilisema nitalifuatilia. Nikaenda kula pilau la wageni waalikwa.

Ilikuwa Novemba. Hadi Septemba ile ya Kitonga nilikuwa sijalifuatilia.

Huwezi kusema kwamba sikuwa na habari. Habari niliipewa, tena na mtu aliyesubiri mpaka amepata cheti ndipo akathubutu kuitoa, yaani mpaka amepoa. Mimi nilichokuwa nacho ni karatasi sita zinazosema shwari, na karatasi zina vigae na risiti ya mashine. Neno la binti lilikuwa la chini ya mwembe.

Asubuhi yake sensa nyingine ililetwa na basi dogo kutoka Iringa mjini, imefungwa katika gazeti. Ilikuwa ya mtumba, imetolewa katika injini ya aina ileile. Nilidhani fundi ataifunga mara moja, maana nilikuwa nimempigia simu dada yangu kuwa tutafika kwa chakula cha mchana. Alinikatalia. "Hii nayo siijui, mzee." Akaipima ikiwa baridi: omu 1,250. Akamwomba mama ntilie wa jirani maji ya moto, akachovya ncha ya sensa katika kikombe huku soketi yake ikiwa nje ya maji, akasubiri mpaka imepata moto barabara, akapima tena: 1,470. Upinzani kupanda kidogo kwa joto ni tabia ya waya mzima, alisema. Ukipotea ndipo pana ugonjwa.

Kazi ya kubadili ilimchukua muda mfupi kuliko maelezo yangu. Alifungua waya hasi wa betri, akakunja tairi la mbele ili apate nafasi ya mkono, akafungua bolti moja kwa spana namba 10, akaizungusha sensa ya zamani kidogo kushoto na kulia mpaka ikaachia. Alifuta tundu, akapaka oili kwenye oringi ya sensa mpya isije ikachanika, akaisukuma mahali pake, akakaza bolti kwa vidole kwanza ndipo kwa spana, bila kutumia nguvu. Kilichomchukua muda ni waya. Aliupitisha mbali na mkanda na kuufunga kwa vibanio viwili, akitikisatikisa ahakikishe hauwezi kuugusa. Kisha akaliacha gari likiwaka kwa saa nzima, kiyoyozi kimewashwa, boneti imefungwa ili joto lisitoke. Alikuwa analitafutia joto kwa makusudi. Mama alikuwa ameshaanza kuuliza habari za ukoo wake, na wakagundua kuwa bibi yake mzaa mama anatoka kijiji cha jirani na chetu.

Sensa shilingi 45,000, nauli ya basi 2,000, ufundi 25,000. Nilipompa 50,000 za ufundi alirudisha nusu, nikamrudishia, akampa mama. Hajasoma chuo chochote. Alifeli kidato cha nne, akajifunza kwa mjomba wake Mafinga. VETA wanao utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia kazini, nikamwambia aende. Alisema ameusikia, ila siku za kwenda mjini ni siku za kufunga kazi. Sikubishana naye.

Kuhusu gereji ya vigae, nilikuwa nimeshaandika ujumbe mrefu wa kuwaita wezi. Niliufuta. Hawakuniibia. Waliiamini mashine yao kama mimi nilivyoziamini karatasi zangu, na walipokosa cha kukiona walibadili kile walichokuwa nacho dukani. Nilichowaandikia ni mistari miwili kuhusu sensa na jinsi ya kuipima ikiwa ya moto. Hawajajibu.

Niliporudi chuoni niliandika barua kuhusu ile kozi, nikiambatanisha maelezo ya binti, ambaye nilimtafuta kwa simu na kumwomba radhi kwanza. Niliomba pia, ingawa sasa mimi si mkuu wa idara, kwamba fomu za tathmini zikusanywe na karani wa idara nyingine, na majibu yachapwe kabla mwalimu hajayaona. Mwenzetu mmoja alisema kikaoni kwamba tunawafundisha wanafunzi majungu. Pendekezo lilipita kwa kura chache. Muhula huu zimerudi karatasi zenye malalamiko kumi na saba, ambapo kozi zilezile zilikuwa hazina hata moja. Manne yananihusu mimi. Moja linasema nachelewa kurudisha insha, na ni kweli. Jingine linasema nasimulia sana habari za gari langu.

Gari halijazimika tangu siku ile. Mama anaona vizuri. Ameanza kuchagua maharage mwenyewe. Ile sensa mbovu iko juu ya meza yangu ya ofisini, na wageni huidhani kuwa kizibo.

Fundi nilimtumia kitabu cha ukarabati wa injini ile, sehemu ya umeme, kwa simu. Akashukuru sana, kisha akaandika, "Picha nazielewa, Mwalimu. Maneno ndiyo shida." Kitabu ni cha Kiingereza. Basi nimekuwa nikimfasiria, ukurasa mmoja mmoja, usiku. Ukurasa wa kwanza nilimtumia ukiwa umejaa istilahi zangu nzuri, pamoja na kihisi cha mkao wa mhimili kombo. Alinijibu kwa ujumbe wa sauti, nikimsikia anajizuia asicheke mbele ya mtu mzima: "Mwalimu, samahani, hii ndiyo ile sensa ya kranki?" Nikafuta, nikaandika sensa ya kranki. Sasa niko ukurasa wa tisa, penye vipimo vya moto na vya baridi, na ameniomba niumalize kabla ya Ijumaa, maana kuna mwalimu wa sekondari anamletea gari linalokata likipata joto.